Koko na Pikapu ya Kesho

Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, Kahambu alikuwa soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, akibishana na fundi seremala juu ya gunia la maranda. Fundi alishikilia kwamba maranda ya mvule hutunza baridi kuliko ya mkaratusi. Kahambu akamjibu kwamba baridi haijui jina la mti. Alikuwa na haki ya kubisha, maana kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo moja. Katika Kambi ya Upepo Mwanana, kule Katwe, ambako upepo wenyewe ulikuwa wa kusimuliwa tu, yeye ndiye aliyehakikisha kwamba mgeni anayelala hemani kwenye lile joto anapata soda baridi na bia baridi bila umeme. Alichimba shimo chini ya turubai, akalitandika maranda, akapanga mabonge ya barafu kutoka Kasese, akafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha akawa anayalowesha upya kila saa. Kambini walimwita Mama Baridi, na jina lile likamkaa kuliko la ubatizo.

Alipokuwa akijitwisha gunia, aliiona theluji kwenye foleni ya mpakani, nyuma ya wanawake waliobeba maharage.

Ilikuwa na ukubwa wa ndama wa miezi mitatu. Chini ilikuwa ya kijivu kwa sababu ya changarawe, juu nyeupe, na mbavuni ilikuwa na ubuluu kidogo. Begani ilijitanda kitenge, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Waliokuwa nyuma yake walilalamika kwamba foleni haisogei.

Karani wa mpakani aliuliza maswali yake ya kila siku. Kwanza alitaka kujua kama huyu ni mtu au ni mzigo, maana mizigo ina dirisha lake. Theluji ikajibu kwamba tangu iwepo haijawahi kuuzwa. Karani akaona jibu limenyooka, akaandika mtu. Siku ya kuzaliwa haikujulikana, kwa hiyo akaandika tarehe mosi Januari mwaka 1900, kwa sababu mashine yake haikukubali kurudi nyuma zaidi ya hapo. Sababu ya kuhama ilikuwa joto. Karani alilitafuta joto kwenye orodha, akalikosa, akaandika biashara. Alama ya kidole ilitoka maji matupu. Akaifuta mashine kwa mkono wa shati, akagonga muhuri kwenye karatasi, akaipa theluji.

"Wabukire, mutoto yangu," theluji ilimsalimu Kahambu ilipofika upande huu.

"Wabukire, Koko," Kahambu akaitikia, maana kwao babu na bibi wote huitwa Koko, akatua gunia lake chini kwa heshima.

Walifahamiana. Kahambu alizaliwa Mutwanga, chini ya mlima, upande wa Kongo, na utotoni akiamka alikuwa anaiona theluji kule juu kabla hajamwona mama yake. Walipokimbia kutoka huko aligeuka mara moja tu, na kilichobaki machoni ni ile nyeupe. Alifurahi sana kumwona Koko. Hakuwa ameonana na mtu wa kwao kwa muda mrefu.

"Unaenda wapi na hii jua, Koko?"

"Kule kwetu tulikuwaka bengi. Sasa nilibakia peke, na majiwe inachoma. Ndugu yangu beko upande wa Uganda, juu kabisa. Miye nataka nifike kule mbele ya kuisha."

"Si ungepita kule kule juu?"

"Njia ya juu ilishakatika. Njo maana nilizunguka."

Kahambu akafikiri. Shemeji yake Syahuka alikuwa mpagazi huko Kilembe, chini ya mlima upande wa Uganda, mtu wa kubeba mizigo ya watalii mgongoni mpaka barafu inapoanzia. Kumpandisha Koko mlimani kwa kikapu kusingemshinda. Akampigia simu hapo hapo. Syahuka akasema yeye yuko tayari hata leo, kikapu anacho, atatandika ukoka ndani. Wao wahakikishe tu mzee anafika Kilembe kabla hajamalizika. Kilichokosekana ni gari. Na Kambi ya Upepo Mwanana ilikuwa na pikapu.

Walipanda lori la samaki lililokuwa linarudi Katwe tupu, Koko akilala juu ya maranda, Kahambu akimpepea kwa kipande cha boksi. Njiani dereva alimwuliza Koko kama huko juu pia maisha yamepanda. Koko alisema yameshuka.

Meneja wa kambi aliitwa Arinda. Alikuwa mwanamume nadhifu mwenye tabia ya kusema kesho kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Alimzunguka Koko mara mbili, akamgusa kwa kidole, akatabasamu.

"Mzee, karibu sana," alisema. "Sisi hapa wageni iko mingi, na barafu ya Kasese inafika maji tupu. Wewe kaa kwa shimo siku kumi tu, saidia sisi. Halafu pikapu inakupeleka Kilembe. Pikapu iko."

"Siku kumi iko mingi, patron," Kahambu akasema. "Ataisha."

"Si uko wewe, mama? Hiyo ndiyo kazi yako. Mutunze asiishe." Kisha akanyoosha mkono. "Na karatasi yake lete nimuwekee. Isipotee."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Arinda hakungoja hata ya kwanza ikamilike. Karatasi ya Koko aliitia kwenye droo ya meza yake na kuifunga kwa ufunguo, juu ya karatasi ya Kahambu, ambayo ilikuwa humo salama salimini kwa mwaka wa tatu.

Koko akaingia shimoni na kazi ikaanza. Chupa zilipangwa kumzunguka, na kila chupa iliyowekwa ubavuni mwake aliisalimu. Wageni wa wiki ile walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya Kampala waliokuja kupumzika, na walikuwa wanapumzika kwa bidii. Walipanda kilima saa saba mchana kutazama ziwa la chumvi, wakarudi wamekuwa wekundu wa macho, wakanywa. Hawakuwahi kunywa kitu baridi kama kile. Arinda akawaruhusu wachukue na vipande vya kutia kwenye bilauri, vya pembeni pembeni tu. Kwenye daftari la wageni mmoja aliandika: "Baridi safi sana, tena ina adabu."

Siku ya tatu, ndani ya kipande kimoja, alipatikana nyuki aliyeganda kabla mpaka haujachorwa. Alikaa ukingoni mwa bilauri mpaka mabawa yakakauka, akaruka kuelekea Kongo bila kupitia kwa karani. Mgeni mwenye bilauri aliomba abadilishiwe kinywaji, akabadilishiwa.

Kahambu alipima kwa kitenge. Siku ya kwanza kilifika begani tu. Siku ya tatu kilimfunika Koko mgongo mzima, na siku ya nne kilimzunguka na ncha zikafungika fundo. Alilowesha magunia kila nusu saa badala ya kila saa. Alihamisha turubai kulifuata jua. Aliacha kula mchana ili asiondoke pale. Kila asubuhi Syahuka alipiga simu kuuliza kama gari limetoka, na kila asubuhi pikapu ilitoka kweli. Ilikwenda Kasese nyuma tupu kumletea Arinda gazeti na chapati, ikarudi.

"Patron, leo pikapu ilienda tupu," Kahambu alisema.

"Kweli, mama," Arinda akakubali. "Lakini leo haikuwa kesho."

Siku ya tano Kahambu akaona atangoja mpaka lini. Kabla jua halijachomoza alimfunga Koko kwa magunia matatu na kile kitenge, akampakia kwenye bodaboda ya Ayebare, dereva wa pale Katwe, yeye mwenyewe akakaa nyuma kumshikilia. Ayebare aliuliza tu kama abiria huyu anajua kuinama kwenye kona. Walikwenda vizuri. Walifika kwenye kizuizi kabla ya Kikorongo, pale ambapo ukivuka kidogo unaiacha Ikweta nyuma yako, na Koko akasema hajapata kukaa chini ya mstari huo tangu azaliwe, mpaka wiki ile.

"Simama!" askari akaamuru. "Hiyo nini?"

"Ni koko yangu, afande."

"Karatasi iko wapi?"

"Iko kwa patron. Iko ndani ya tiroir, alifunga na kifunguo."

"Na yako?"

"Pia."

Askari hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba yeye haoni shida na mzee mwenyewe, shida ni mzee bila karatasi. Arudi akaichukue, apite hata mara kumi. Akawashikia mwavuli wake mwenyewe wakati Ayebare anageuza pikipiki. Alikuwa na chupa ya maji iliyokuwa moto kama chai, akaitazama, akamtazama Koko, akaona haya kuomba. Koko akajibanjua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akampa. Askari akapiga saluti.

Waliporudi jua lilikuwa juu. Kitenge sasa kilizunguka mara mbili.

Kahambu akaenda moja kwa moja ofisini na magunia yake yanayochuruzika. Alimwambia Arinda kwamba anataka karatasi mbili, ya Koko na ya kwake, sasa hivi. Arinda hakukasirika hata kidogo. Alisema karatasi ni zao, ni haki yao kabisa, hakuna anayebisha. Ila ufunguo wa droo uko kwa dereva, na dereva yuko na pikapu, na pikapu iko Kasese. Kesho wakumbushane.

"Usisumbuke, mutoto yangu," Koko alimwambia shimoni. "Kulikuwa watu banasema kesho hata mbele ya wewe kuzaliwa. Nilikuwa naona toka juu."

Kahambu alitaka kulia, akaona machozi ni ya moto, akayazuia asije akamdondoshea.

Sasa, Katwe hakuna siri. Habari kwamba mgeni wa Mama Baridi anapungua zilifika ziwani siku hiyo hiyo, kwa wanawake wa vidimbwi vya chumvi. Hao ni watu wa kazi. Wanashinda kwenye maji yanayochoma miguu, wanakomba chumvi inayojikusanya, na jioni wanarudi na midomo iliyopasuka. Aliyesikilizwa zaidi miongoni mwao alikuwa Vasta, mwanamke mpana mwenye kauli moja. Vasta alisema si haki mzee wa watu atoke mlimani mpaka Katwe aharibikie hapa, mbele ya watu wazima wenye mikono, na wao wapo wanatazama tu.

Kwa watu wa Katwe kitu kinachotaka kuharibika dawa yake ni moja. Samaki akitaka kuoza hutiwa chumvi. Ngozi ya ng'ombe hutiwa chumvi. Hata marehemu anayengoja ndugu kutoka mbali, kuna waliomtia chumvi, na akangoja. Katwe nzima inasimama kwa sababu chumvi huzuia mambo kwisha.

Siku ya saba, saa nane mchana, Arinda alimtuma Kahambu apeleke kreti ya soda ukingoni mwa ziwa la pili, ambako wageni walikuwa wanatazama flamingo. Kahambu hakutaka kwenda. Arinda akamkumbusha karatasi. Akaenda.

Aliporudi aliwakuta wanawake arobaini kambini, wamepanga mstari kutoka getini mpaka shimoni, wamevaa nguo za kanisani. Kila mmoja alibeba bakuli la chumvi ya juu, ile nyeupe wanayoficha wenyewe, ambayo hata mnunuzi wa kudumu haonyeshwi. Magunia yalikuwa yamefunuliwa. Mmoja mmoja walipiga goti, wakamsalimu Koko kwa Lhukonzo, lugha ya watu wa mlimani, wakampaka kwa viganja, taratibu, kama mtu anavyompaka mtoto mchanga mafuta, kuanzia begani hadi chini. Waliingiza chumvi vizuri kwenye nyufa zote. Hawakubana hata punje.

Kahambu alisimama na kreti tupu kichwani. Yeye alijua. Wiki ya kwanza kazini alifundishwa kwamba ukitaka soda ipoe haraka utie chumvi kidogo kwenye barafu, na kwamba barafu hiyo usiitegemee tena, itayeyuka upesi.

"Koko," aliita. "Mbona haukukataa?"

"Mutu anakuletea kitu nzuri kupita yote ya kwake," Koko alisema, na sauti ilikuwa imeshakuwa ya majimaji. "Utamwambia nini?"

Vasta akageuka, jasho linamtoka, uso umejaa furaha ya mtu aliyewahi. "Mama Baridi, sasa usiogope," alisema. "Huyu hata akikaa mwaka, haharibiki."

Wanawake wote arobaini walimtazama Kahambu. Ndani yake alikuwa na hasira ya kuweza kubomoa nyumba, lakini akizungusha macho hakuona wa kumpa. Hawa walikuwa wamefunga kazi siku nzima kwa ajili ya Koko. Akatua kreti, akapiga goti mbele ya Vasta.

"Wasingya," alimshukuru. "Wasingya kabisa, mama zangu."

Arinda alitoka ofisini kuangalia ni mkutano gani, akaona mvuke mweupe unapanda kutoka shimoni, akaelewa upesi kuliko alivyowahi kuelewa jambo lolote. Akaamuru kila chupa iliyomo kambini iletwe. Bia, soda, maji, hata dawa ya kikohozi ya mpishi. Ndani ya robo saa chupa zote ziliota ukungu, na ndani ya nusu saa soda mbili zilipasuka kwa kuganda. Wageni walikunywa huku wameshika mashavu. Jioni waliimba. Walipoondoka walisema mwakani watarudi na ofisi nzima, na Arinda akawaambia karibuni, baridi ipo.

Ilipofika saa kumi na moja ya siku ile, shimoni palibaki maji, changarawe na kitenge. Maji yalijichimbia mfereji, yakateremka kilima, yakaingia kwenye kidimbwi cha Vasta. Kahambu alikikamua kitenge, akakianika. Kilikauka kikawa kigumu kwa chumvi, akakikunja hivyo hivyo.

Simu ikalia. Syahuka alikuwa anauliza kama gari limetoka.

"Usingoje tena, shemeji," Kahambu alisema.

"Kikapu nimeshatandika."

"Najua."

Kidimbwi cha Vasta kilichukua siku nne kukauka. Siku ya nne, mchana, wingu la ukubwa wa mkeka lilinyanyuka kutoka hapo, likakaa kidogo juu ya kambi, kisha likashika njia ya kaskazini, juu ya barabara ya Kasese, upande wa kushoto kama magari. Lilipita juu ya kizuizi. Askari alitazama juu, akapiga saluti, hakuuliza karatasi. Chumvi iliyobaki kidimbwini ilikuwa baridi kuigusa. Vasta hakuiuza, aliiweka kwenye chungu na kuwaruhusu wanawake wenye miguu iliyoungua kuja kukanyaga.

Jumanne ya tatu baada ya hapo Kahambu alikuwa tena Mpondwe, kwa fundi yule yule, wanabishana habari ya mvule. Koko alikuwa kwenye foleni. Sasa alikuwa na ukubwa wa mwanambuzi. Karani alitazama mashine yake, ikamwambia kwamba huyu aliingia Uganda mwezi uliopita na hajatoka, kwa hiyo yuko ndani tayari. Karani akaona hakuna sababu ya kumzuia mtu asijiunge na nafsi yake, akampisha.

"Wabukire, Koko. Nilizani ulifika kwa ndugu."

"Nilifika juu yao, mutoto yangu, nikawaona na macho. Mupepo haikuniuliza. Ilinipitisha, ikaniangusha upande wetu." Akajitazama begani. "Kitenge yangu iko?"

Kahambu alikuwa nacho. Kilizunguka mara nne na kikabaki kipande cha kukalia.

Akamweleza ukweli wote hapo hapo sokoni. Alimwambia kuhusu siku kumi, kuhusu droo, kuhusu kesho. Koko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna gari jingine linalojulikana. Kahambu alifikiri kwa moyo wake wote, akawataja watu wote anaowajua katika Uganda nzima, na hakuna aliyekuwa na gari. Wakapanda lori la samaki.

Arinda alifurahi kumwona mzee. Alifurahi zaidi kwamba karatasi iko drooni tayari, hakuna haja ya kusumbuana. "Siku kumi tu," alisema. "Na wewe sasa uko mudogo, pikapu haitaona hata uzito."

Kahambu akalichimba shimo upya. Safari hii lilikuwa dogo, na dogo lilitosha. Alipomaliza kutandika maranda alishuka ziwani kwa Vasta. Hakusema lolote la siku ile. Alisema tu kwamba mgeni amerudi, na kwamba kwa kabila lake chumvi hutolewa mara moja, hairudiwi.

"Basi tumpelekee nini?" Vasta aliuliza. "Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

"Mumupelekee kivuli."

Kesho yake alfajiri walikuja wote arobaini kabla ya kwenda kazini, wamebeba kanga, mikeka na miavuli miwili, wakasimama kuzunguka shimo upande wa mashariki, bega kwa bega. Kahambu alikuwa analowesha magunia. Nyuma ya wanawake, pikapu iliwashwa, ikapita getini polepole, nyuma tupu, turubai limekunjwa vizuri, ikashika barabara ya Kasese.

"Ile njo gari?" Koko aliuliza kutoka ndani ya kitenge.

"Njo ile, Koko," Kahambu alisema, akamwaga maji.